Gloriosa ina hatari zaidi ikiwa haionekani

Gloriosa ni ule mmea wa maua mekundu yenye kingo za njano, yaliyojikunja juu kama ndimi za moto. Si mgeni kwetu. Huota wenyewe katika vichaka vya Kenya, na Zimbabwe imelifanya ua la taifa. Lakini kila sehemu yake ina sumu ya kolkisini, hasa viazi vyake.

Panda mvua za masika zinapoanza, mwezi Machi, au za vuli, Oktoba, mahali penye jua la kutosha. Udongo mwekundu wa Karen na Lavington, jijini Nairobi, unaufaa sana. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Embakasi, maji hutuama na kiazi huoza. Huko tumia chungu kikubwa chenye matundu, uchanganye udongo na mboji na mchanga wa mto.

Vaa glavu. Kiazi kina umbo la herufi V, na kila mkono huchipua nchani tu. Ncha ikivunjika, mkono huo hauoti tena. Kilaze ubavu, ukifukie kwa sentimita 5 hadi 10. Mmea hupanda kwa ncha za majani zinazojiviringa, kwa hiyo uwekee waya au vijiti vyembamba, kwani ncha hizo haziwezi kuushika mti mnene. Hufika mita 2 au zaidi. Usiupandishe kwenye uzio ambapo mbuzi au watoto wa shule wanaweza kuufikia.

Baada ya maua, majani hugeuka manjano na mmea wote hukauka. Wengi hudhani umekufa, kumbe kiazi kimelala tu. Acha kumwagilia.

Kipindi hiki ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Mtunza bustani mpya, au mpangaji aliyehamia juzi, anachimba apande sukuma wiki, anakuta viazi virefu vya kahawia, anadhani ni viazi vitamu. Sri Lanka watu wamekula viazi hivi kwa kudhani ni chakula, na wengine wakafa. Kuvichemsha si kinga.

Basi usiuchanganye kamwe na shamba la viazi au nduma. Zungushia mawe pale ulipopanda, simika kibao cha "SUMU, USICHIMBE", na umwambie kila anayeshika jembe nyumbani kwako. Ukihama, chimbua viazi vyote, au mwonyeshe mwenye nyumba mahali vilipo.

Aliyekula anaweza kukaa saa kadhaa bila dalili, kisha aanze kutapika, kuharisha na kusokotwa na tumbo. Viungo vya ndani huharibika baadaye. Usingoje dalili, wala usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali yenye huduma ya dharura, ukiwa na kipande cha mmea kwenye mfuko ili daktari ajue anapambana na nini.