Unatolewa kidonda usoni? Jua ngozi ya kuzibia inatoka wapi na namna ya kuitunza

Hii namwandikia mtu ambaye kashaambiwa kile kidonda cha puani au shavuni kisichopona miezi sasa ni saratani ya ngozi na inabidi kitolewe, au ndugu anayempeleka hospitali, hasa wenzetu wenye ualbino maana hao jua linawaumiza zaidi usoni, masikioni na shingoni. Swali la wengi ni "sasa si nitabaki na shimo?" Shimo linazibwa, usiogope, ila ili usihangaike wodini uliza mapema ngozi ya kuzibia inatoka wapi na utaingia thieta mara ngapi.

Kabla ya hapo kuna la muhimu zaidi, kinyama kiwe kimeshakatwa kikapimwa maabara na majibu yapo. Halafu ujue daktari hakati kidonda peke yake, anakata na ngozi yenye afya kidogo kuzunguka, kwa saratani ndogo za kawaida ni kama milimita 4 mpaka 6, ikiwa kubwa au kali anaongeza, ndo maana shimo linatoka kubwa kuliko kile ulichokuwa unakiona kwenye kioo. Wakati mwingine wanatoa leo, wanafunga bandeji, unarudi nyumbani kusubiri maabara iseme kingo ziko safi, yaani hazina saratani, ndo wanaziba siku nyingine. Watu hulalamika wamezungushwa, mi naona hao ndo wamefanya kazi vizuri, hasa kama saratani ilishatolewa ikarudi, kwasababu ukifunika ngozi nzuri juu ya mabaki ya saratani yanaendelea kukua chini huko na hakuna anayeyaona.

Sasa kuziba. Njia nyepesi ni kuvuta kingo mbili na kushona, na hapa wazee wana bahati, ngozi imelegea na mikunjo inaficha mshono. Hata mdomo ukikatwa mpaka theluthi moja mara nyingi unashonwa tu moja kwa moja. Kuna sehemu pia daktari anaweza kuacha kidonda kijae chenyewe kwa kusafishwa tu, mfano kona ya ndani ya jicho au kile kibonde cha pembeni ya pua, na hajakutelekeza, sehemu za mabonde zinapona hivyo vizuri tu ila inachukua wiki kadhaa.

Isipowezekana ndo wanapandikiza. Wanakata kipande cha ngozi sehemu nyingine ya mwili na kukishonea kwenye shimo. Kwa uso kipande kizuri hutoka nyuma ya sikio au juu ya mtulinga kwasababu rangi inakaribiana, ngozi nyembamba ya pajani inaweza kuziba eneo kubwa lakini inasinyaa sana baadae na ikiwekwa karibu na jicho inaweza kuvuta kope chini jicho lisifunge, kwahiyo ukisikia paja na kidonda kiko chini ya jicho uliza kwanini, una haki ya kuuliza. Kipande hiki kinafika hakina damu yake, siku mbili za mwanzo kinaishi kwa majimaji ya kidonda tu mpaka mishipa midogo iungane, ndo maana wanakikandamiza kwa bandeji iliyoshonewa kabisa na inakaa siku 5 mpaka 7. Usiifungue kuchungulia! Damu ikijikusanya chini yake au kikihama kidogo tu kinakufa.

Njia nyingine ni ngozi ya jirani, madaktari wanaiita flapu, yaani wanaichana ngozi ya pembeni bila kuikata yote, wanaizungusha au kuisogeza ikafunika shimo huku ikija na damu yake. Rangi na unene vinafanana na pale ilipoenda, kwahiyo usoni mi ningeuliza hii kwanza. Inayotisha watu ni ya paji la uso kwa ajili ya pua. Ngozi inashushwa kutoka kwenye paji, inageuzwa karibu na nyusi na kushonwa puani, na kwa wiki kama 3 unakaa na kitu kama kamkonga kadogo katikati ya macho, kisha unarudi kinakatwa. Watoto watakushangaa, kubali. Ila sio majaribio, India waliitengeneza pua hivi zamani sana, mwaka 1794 jarida moja la London likachapisha habari yake na madaktari wa Ulaya ndo wakaiga. Kama nywele zako zinaanzia chini pajini mwambie daktari, maana ngozi yenye nywele ikihamia puani nywele nazo zinaendelea kuota.

Maandalizi: acha sigara na ugoro wiki kama 4 kabla na usirudie kidonda kikiwa kibichi, nikotini inabana mishipa na flapu inaweza kuoza ncha. Taja dawa zote unazotumia pamoja na za mitishamba, za kuyeyusha damu usiache kwa uamuzi wako, muulize aliyekuandikia. Mwenye kisukari sukari ishuke kwanza. Upasuaji mwingi mdogo unafanyika kwa ganzi tu, uko macho unaongea nao, mkubwa ndo unapigwa nusukaputi.

Ukirudi nyumbani lala kichwa kikiwa juu, mito miwili, usilalie upande ule, na usiiname kupuliza jiko la mkaa wala kufua siku za mwanzo. Miwani isigandamize flapu. Nyuzi za usoni kwa kawaida zinatolewa siku ya 5 mpaka 7. Dawa ya meno, majivu, na ule unga wa kapsuli watu wanaofungua na kunyunyizia kwenye kidonda, vyote hapana. Uvimbe na weusi kuzunguka macho siku za mwanzo ni kawaida. Kinachotaka urudi hospitali saa hiyohiyo ni flapu kuwa ya bluu au nyeusi, au kupauka na kuwa ya baridi, damu isiyokoma ukibonyeza kwa dakika 15, usaha, homa. Kwenye ngozi nyeusi rangi inadanganya, kwahiyo gusa ujoto wake ulinganishe na shavu jingine.

Kovu linaendelea kubadilika mpaka mwaka, kwahiyo lile bonge la mwezi wa pili usilikatie tamaa. Kidonda kikishafunga kabisa, daktari akiruhusu, unalikanda kwa kidole na mafuta. Kama una historia ya makovu ya kuvimba sema kabla hujakatwa, sio baada.

Kwa mwenye ualbino kofia pana na mafuta ya kuzuia jua ni kila siku, yapo ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi maalum kwa ajili yenu, ulizia kliniki ya ngozi. Na kakidonda kapya popote kakipita wiki 4 hakajapona, nenda, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.