Golf GTI Mk5, Mk6 ama Mk7: jinsi ya kuchagua ukiwa unaishi Malindi

Hapa Malindi vijana wananiuliza sana, kaka nichukue Golf GTI ya zamani, ile Volkswagen ya mbio, nibaki na pesa ya kuirekebisha ama nijikaze nichukue ile mpya mpya? Mi nishazipitia vizazi vyote vitatu, hiyo Mk na namba yake ndio kizazi cha gari, Mk5 nilikaa nayo miaka minne, Mk6 ikanitoa jasho, na saa hizi naendesha Mk7, kwa hivyo naandika yote nnayoyajua ili ukienda kuangalia gari usiende mikono mitupu.

Kwanza toa mwendo kwenye hesabu. Mk5 iliyotoka 2004 ina farasi 200, Mk6 ya 2009 ina 210, Mk7 ya 2013 ina 220, ama 230 ukipata yenye Performance Pack, yaani ile iliyoongezwa nguvu kiwandani. Kutoka 0 mpaka 100 Mk5 yenye DSG, ile gia otomatiki ya klachi mbili, inachukua sekunde 6.9, Mk6 hiyo hiyo 6.9, Mk7 6.5. Sasa wewe unatoka mjini unaenda Watamu, ukifika Gede ni matuta, ukishika njia ya Mombasa hujakaa sawa kwenye kiti tuta jingine, hiyo nusu sekunde utaitumia wapi? Huku kwetu kinachotenganisha hizi gari ni joto, chumvi ya bahari, na fundi atakayeifungua ikikataa. Chagua kwa hayo matatu.

Alafu hakikisha ni GTI kweli. Golf nyingi zinazozunguka ni za kawaida, zenye injini ndogo ya 1.4 TSI, zilizobandikwa nembo ya GTI, na tofauti si nembo tu, nyingi ya hizo 1.4 za otomatiki zinatumia DSG ya gia 7 yenye klachi kavu, ambayo foleni na joto inavichukia, wakati GTI ya Mk5, Mk6 na Mk7 inatumia DSG ya gia 6 yenye klachi inayooga kwenye oili, na hiyo ni ngumu zaidi kwa mbali. Fungua buti, inua zulia pale kwenye tairi ya spea, tafuta kibandiko cheupe chenye herufi na namba za gari, linganisha chasi namba na iliyoko kwenye logbuku na kwenye kioo cha mbele. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, uliza kwa nini.

Mk5 mi naipenda na siwezi kuficha. Injini yake inatumia mkanda wa taiming, si cheni, na mkanda ni kitu kinachoeleweka na kila fundi, ukikosa karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini basi hesabu kwamba haujabadilishwa, badilisha pamoja na waterpampu manake mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu. Ila kuna kitu kimoja kidogo kinaua hizi injini na wengi hawakijui, kuna kikombe cha chuma kinaitwa kemu foloa, kinakaa kati ya kemshafti na pampu ya petroli ya presha, kinalika polepole mpaka kinatoboka, kikitoboka kemshafti inaanza kula pampu. Kukitoa ni kufungua pampu, fundi anayejua hachukui hata saa moja, ukiona ule weusi wa juu umeisha na chuma kinang'aa, badilisha, bei yake ni ndogo ukilinganisha na kemshafti. Mi nilikua nakikagua kila servisi mbili na miaka yote minne sikupata shida ya injini, shida yangu ilikua kitambaa cha dari kulegea kwa jua na taa za mbele kufifia, mambo ya umri tu.

Mk6 ndio nataka uwe makini nayo khasa. Kwa macho ni gari nzuri, ndani imetulia kuliko Mk5, kelele za barabara zimepungua, na torki, ile nguvu ya kuvuta, ni 280 Nm sawa sawa na Mk5. Lakini injini ilibadilika, hii inaitwa EA888 na inatumia cheni, na zile za mwanzo zilikuja na tensiona, kile kifaa cha kukaza cheni, ambayo ni dhaifu, inashindwa kushika, cheni inaruka meno, vavu zinagonga pistoni na injini imekwisha. Kampuni baadaye ikabadilisha muundo wa tensiona. Yangu niliinunua mji mwingine, asubuhi ya kwanza nikaisikia ikiwashwa inakwaruza kama sekunde mbili hivi alafu inanyamaza, nikamuuliza muuzaji akanambia zote ziko hivyo ikiwa imelala, nikaamini kwa sababu nilikua nishaipenda. Miezi mitano baadaye ikazima karibu na daraja la Sabaki natoka Mambrui na haikuwaka tena, vavu zimepinda, na pesa niliyotoa hapo ingetosha kununulia Mk7 ambayo nilikua nimeikataa kwa kuona ni ghali. Naumia mpaka leo nikikumbuka.

Kwa hivyo Mk6 usiiguse mpaka upate moja kati ya haya: risiti ya kubadilishwa cheni na tensiona mpya, ama fundi wako afungue kile kiplagi kidogo cha raba kwenye kava ya chini ya cheni aangalie tensiona iliyoko ndani ni ya aina gani. Muuzaji akikataa isifunguliwe, rudi nyumbani. Pia muulize inakula oili kiasi gani, Mk6 nyingi zinakunywa oili, na mtu asiyeangalia stiki ya oili ndio huyo cheni inamkatikia.

Mk7 imekaa kwenye chasi mpya kabisa ile ya MQB, torki ni 350 Nm, na ile kuongezeka torki ndio utaisikia kila siku, ukipita lori la chumvi njia ya Marereni huhitaji kupiga kelele, unagusa tu. Cheni imetulia. Na zile za soko la Ulaya zina sindano za petroli aina mbili, kwa hivyo vavu hazijai kaboni haraka kama za Mk5 na Mk6 ambazo lazima zifunguliwe zisafishwe kila baada ya muda, usipofanya gari inakua nzito na inatetemeka ikisimama. Udhaifu wa Mk7 ni nyumba ya waterpampu na thamostati, ni ya plastiki na inavuja.

Na hapo kwenye kuvuja ndio Malindi inaingia. Fungua tangi la kulanti, yale maji ya dawa ya kupoza injini, injini ikiwa imepoa, isiwe moto utaungua, angalia rangi. Iwe waridi ama zambarau. Ukiona maji meupe ama yana kutu, huyo mwenye gari alikua anajazia maji ya kisima, na visima vyetu vingi unajua mwenyewe vilivyo na chumvi, chumvi hiyo inatafuna pampu na radieta kutoka ndani. Gari ya namna hiyo mi siichukui hata iwe ya 2017. Alafu inua gari, angalia chini. Iliyolala miaka karibu na ufuo utaona bolti za shokabu na breki zimevimba kutu, kondensa ya AC imeliwa mapezi. Hata ya kutoka Uingereza iangalie vile vile, barabara zao zinamwagwa chumvi wakati wa baridi. Yenye sanruf mwagia maji juu, majani ya mivinje yanaziba mifereji yake na mvua za mwezi wa nne na wa tano maji yanaingia chini ya zulia, huko ndiko waya ziliko.

Kuijaribu, nenda alfajiri. Ukitoka swala tu pitia kwa muuzaji na umwambie usiku ule asiiwashe, manake ukienda saa nne boneti ni ya moto kwa jua na huwezi kujua kama aliiwasha kabla. Iwashe wewe mwenyewe usikilize zile sekunde tatu za kwanza. Alafu irudie mchana, hiyo ya pili watu wanairuka na ndiyo yenye maana huku kwetu. Endesha mpaka Watamu na kurudi, AC imewashwa, ukirudi ingia pale sokoni kwenye tuktuk na boda boda utambae nazo kwa robo saa, simama, ondoka, simama, ondoka. DSG nzima haitetemeki wala haigongi. Mshale wa joto ukikaa katikati na usitikisike, na AC bado inapuliza baridi, hiyo gari ina afya. Uliza pia oili ya DSG ilibadilishwa lini, ni kila kilomita 60,000, na wengi wanasema ni ya maisha, si kweli.

Kuagiza kutoka nje kumbuka sheria yetu ya miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo Mk5, Mk6 na hata Mk7 za mwanzo utazipata za mkononi tu hapa nchini. Iangalie kwanza kwenye eCitizen kama ina deni la benki.

Sasa msimamo wangu. Kama una fundi wa Golf unayemuamini hapa ama Mombasa, na pesa ni ndogo, chukua Mk5 safi na uache Mk6. Kama pesa inafika Mk7, hata ile ya 2013 iliyotembea sana lakini ina karatasi zake, chukua hiyo, usiende kukopa zaidi ili upate Mk7.5, yaani Mk7 iliyoboreshwa, kwa ajili ya taa na dashbodi. Mk8 vitufe vyake vingi ni vya kugusa tu na ukiwa na jasho kwenye vidole inachosha, kampuni yenyewe ilirudisha vitufe vya kawaida kwenye usukani 2024.

Ukishanunua, wiki ya kwanza badilisha oili, weka kulanti sahihi, na ikiwa imekuja na rimu 18 tafuta 17 zenye tairi 225/45, GTI imeshuka kuliko Golf ya kawaida na hayo matuta ya Gede hayajui kama gari yako ni nzuri. Na kila ukitoka Casuarina na upepo wa kusi, mwagia maji ya mfereji chini ya gari, si ya kisima.