Kioo cha Simu Kinapobaki Giza Ukiwa Unaongea

Simu janja nyingi zina kihisi kidogo karibu na spika ya sikioni, ambacho hutoa mwanga usioonekana kwa macho na kupima unavyorudi, ili simu ikiwa shavuni kioo kizime na shavu lisibonyeze kitufe cha kukata. Kihisi hicho kikizibwa, simu hudhani bado iko sikioni, na kioo hubaki giza hata ukiishusha, jambo linaloudhi zaidi pale sauti inapokuambia ubonyeze moja au mbili na huna pa kubonyeza.

Hapa Ujiji simu yangu ilinisumbua hivyo wiki nzima, nami nilikuwa tayari kuipeleka kwa fundi, kumbe ni alama ya kidole chenye mawese iliyokauka pembeni mwa tundu la spika na kushika vumbi. Niliifuta kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, nikarudia kwa kikavu, na tatizo likaisha. Kufuta kusiposaidia, bandua protekta, hasa ile ya bei rahisi yenye ukingo mweusi, kisha piga simu na ufunike sehemu hiyo kwa kidole: kioo kinapaswa kuzima, na kuwaka mara tu unapokiondoa kidole.

Kisipowaka, hapo ndipo fundi anahusika. Ukiwa unamsubiri, simu nyingi za Android hukuruhusu kuchagua, katika mipangilio ya ufikivu (Accessibility), kwamba kitufe cha kuwashia kikate simu.