Namna ya Kuomba Ruzuku ya Kuchunguza Dimensia Inayofuatia Majeraha ya Ubongo: Mwongozo kwa Watafiti wa Tanzania

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia daktari wa mishipa ya fahamu kuandaa andiko lake la kwanza la utafiti. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili na za hospitali ya KCMC, Moshi, hupokea vijana wengi walioumia kichwa katika ajali za bodaboda. Namna ya kuwatibu tunaijua vizuri zaidi kuliko tunavyojua hali ya kumbukumbu zao itakavyokuwa watakapofikisha miaka sitini. Fedha za kuchunguza jambo hilo zipo, na sehemu kubwa iko Marekani, kwa hiyo nimejikita huko.

Hatua ya kwanza: liandike swali ambalo haliwezi kujibiwa kwingine

Kwamba jeraha la ubongo huongeza hatari ya dimensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, si habari mpya kwa wanaopitia maandiko ya kuomba ruzuku. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu watu wapatao milioni 2.8, ulionyesha hatari iliyoongezeka kwa takriban asilimia 24 kwa waliowahi kuumia, na hatari hiyo ilipanda kadiri idadi ya majeraha ilivyoongezeka. Mwaka 2020 kamisheni ya jarida la Lancet iliingiza jeraha la ubongo katika orodha ya visababishi vinavyoweza kuzuilika. Andiko linalotaka kuthibitisha tena jambo hilo halitapata alama za juu.

Nguvu yako iko mahali pengine. Ushahidi mwingi umetoka Skandinavia na kwa askari wastaafu wa Marekani, watu wenye kumbukumbu za hospitali zilizounganishwa tangu utotoni. Mgonjwa wako ni kijana aliyesoma miaka saba, aliyefika hospitali ya rufaa akiwa amechelewa, na pengine hakupigwa picha ya CT. Eleza kwa nini tofauti hizo zinaweza kubadili mwenendo wa ugonjwa.

Usiahidi yasiyowezekana. Ruzuku ya miaka miwili haiwezi kumfuata kijana wa miaka 25 mpaka apate dimensia. Vilevile, ugonjwa wa CTE, yaani kuharibika kwa ubongo kunakotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara, unaohusishwa na mabondia na wachezaji wa soka la Kimarekani huthibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo tu, kwa hiyo usiandike kwamba utaugundua kliniki. Napendelea njia mojawapo kati ya mbili: kuwapima wazee na kuwauliza historia ya majeraha ya maisha yao yote, au kuwafuatilia wagonjwa waliokwisha kuandikishwa hospitalini ili kuona mabadiliko ya awali ya uwezo wa kufikiri na kukumbuka. Kwa njia ya kwanza, utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliokuta dimensia kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi utakupa msingi wa kukokotoa ukubwa wa sampuli.

Hatua ya pili: chagua dirisha la ufadhili

Anza na Fogarty International Center, kitengo cha NIH (taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani) ambacho kwa miaka mingi kimefadhili tafiti za ubongo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wizara ya Ulinzi ya Marekani nayo, kupitia CDMRP, idara yake ya kufadhili utafiti wa tiba, imekuwa na programu ya Alzheimer (aina ya dimensia inayojulikana zaidi) iliyoanza mwaka 2011 ikilenga hasa uhusiano wa jeraha la ubongo na dimensia. Huko utatakiwa kuwasilisha andiko la awali kupitia eBRAP, mfumo wake wa mtandaoni wa kupokea maombi, kabla ya andiko kamili. Soma tangazo la mwaka husika, si la mwaka uliopita. Mwezi Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha ruzuku mpya zenye fedha za kupitishwa kutoka taasisi ya Marekani kwenda taasisi ya nje hadi utaratibu mpya uwekwe. Kabla hujaandika ukurasa wowote, mwandikie ofisa wa programu umuulize ni muundo gani unaokubalika sasa.

Hatua ya tatu: usajili wa taasisi

Hapa ndipo maandiko mazuri hukwama, na ndiyo sababu hatua hii ni ndefu kuliko nyingine. Anayeomba ruzuku kisheria ni taasisi, wala si wewe, na taasisi lazima iwe hai katika mifumo kadhaa inayotegemeana. NIH yenyewe hushauri kuanza angalau wiki sita kabla ya siku ya mwisho. Ushauri wangu ni miezi minne.

Utaratibu ni huu. Taasisi iliyo nje ya Marekani huomba kwanza namba ya NCAGE, kitambulisho kinachotolewa kwa utaratibu wa NATO. Ikishaipata, hujisajili SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili taasisi, ambako hupewa namba ya utambulisho ya UEI iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS tangu Aprili 2022. Ndipo hufuata Grants.gov, tovuti ya kuombea ruzuku, na eRA Commons, mfumo wa NIH wa kushughulikia maandiko. Ukiruka mpangilio huo utarudishwa mwanzo.

Kinachokwamisha ni jina na anwani. Jina la kisheria na anwani ya mahali lazima vifanane herufi kwa herufi katika NCAGE na SAM. Taasisi zetu nyingi zina jina la Kiswahili katika sheria iliyoziunda, jina la Kiingereza kwenye barua, na kifupisho ambacho ndicho kila mtu hukitumia. Chagua lile lililo kwenye hati ya usajili, liandike kwenye karatasi, na uwape wote watakaojaza fomu. Nukta iliyozidi au neno lililofupishwa upande mmoja tu linatosha kuleta kukataliwa, na ujumbe wa kukataliwa mara nyingi hauelezi kosa liko wapi.

Anwani ni tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa sisi tumezoea sanduku la posta, nalo halikubaliki kama anwani ya mahali. Unahitaji jina la barabara, namba ya kiwanja au jengo, na postikodi, pamoja na hati rasmi inayoonyesha jina na anwani hiyo kwa pamoja. Ikiwa hati zote za taasisi zina sanduku la posta tu, mwombe mwanasheria wa taasisi aanze kutafuta hati inayofaa leo. Hati ya Kiswahili itahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Taasisi isiyolipa kodi Marekani haihitaji namba ya mlipakodi ya huko, basi usimlipe yeyote anayedai atakutafutia, wala usimlipe wakala wa kusajili SAM, kwa sababu usajili huo ni bure.

Usajili wa SAM hufa baada ya siku 365 usipohuishwa. Akaunti isifunguliwe kwa barua pepe binafsi ya mtumishi mmoja anayeweza kuhamishwa. Watu wawili wa ofisi ya utafiti wawe na mamlaka juu yake.

Hatua ya nne: vipimo na takwimu

Siwashauri watafiti kutegemea MoCA, kipimo maarufu cha kumbukumbu na kufikiri, kwa wazee ambao hawakusoma, kwa kuwa itawahesabu wazima kuwa wagonjwa. Tumia IDEA, kipimo kilichoundwa kwa kazi iliyofanyika Hai na Nigeria kwa kuzingatia watu wa kisomo kidogo. Kwa historia ya majeraha, tumia dodoso la majeraha ya kichwa la Ohio State University, na umhoji pia ndugu wa karibu, maana mwenye dimensia huenda amesahau ajali yenyewe.

Tafiti za majeraha ya ubongo zinazofadhiliwa na NIH au Wizara ya Ulinzi hutarajiwa kuweka takwimu katika FITBIR, hazina ya mtandaoni ya takwimu za majeraha ya ubongo. Kila mshiriki hupewa kitambulisho cha siri kinachotengenezwa kutokana na majina aliyopewa alipozaliwa, tarehe kamili, jinsi na mji wa kuzaliwa. Wazee wetu wengi hawana tarehe kamili, na wengine wamebadilisha majina. Eleza hilo waziwazi katika mpango wako wa takwimu, na omba kitambulisho mbadala ambacho mfumo unakiruhusu.

Hatua ya tano: vibali

Utahitaji kamati ya maadili ya taasisi, kibali cha kitaifa cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inahusu takwimu zinazovuka mpaka. Andika jinsi utakavyopima uwezo wa mshiriki kuridhia, na nani atamsemea akishindwa. Tafadhali lichukulie hili kwa uzito, kwa kuwa hawa ni watu wasioweza kujitetea.

Hatua ya sita: bajeti

Kwa ruzuku ya R21, aina ya ruzuku ya NIH ya utafiti wa awali, gharama za moja kwa moja hazizidi dola 275,000 kwa miaka miwili, na gharama za uendeshaji kwa taasisi ya nje ni asilimia 8. Ukipanga kupima protini za damu kama p-tau217 (kiashiria cha Alzheimer), weka friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri pamoja na jenereta.

Hatua ya saba: kutuma

Mwisho ni saa kumi na moja jioni kwa saa za taasisi yako. Baada ya kutuma una siku mbili za kazi za kulikagua andiko lililounganishwa katika eRA Commons, lakini ukigundua kosa baada ya muda wa mwisho hutaweza kulisahihisha, kwa hiyo tuma siku tatu mapema na ufungue kila ukurasa.