Kumtambua asidia: rangi mwachie mpiga picha, wewe fungua tumbo

Maji yakipwa siku za bamvua, huwa nashuka pwani ya Chwaka, Unguja, na ndoo, kisu kidogo na sindano. Napekua chini ya mawe na kwenye kamba kuukuu za mwani, pale penye vifuko vyenye ngozi kama kiatu kilicholowa. Ukikiminya kimoja kikakurushia maji, umemshika asidia, mnyama wa baharini anayevuta maji kwa tundu moja na kuyatoa kwa jingine. Wengi humwita sifongo. Tofauti utaiona kwa macho: mguse taratibu, matundu yake hujifunga papo hapo, lakini ya sifongo hubaki wazi. Huyu ni jamaa yetu wa mbali. Mwaka 1866 mwanazuolojia Mrusi Kowalevsky alionyesha kuwa mtoto wake ana umbo la kiluwiluwi, na mkiani ana kamba ile ile ambayo kwetu hutangulia uti wa mgongo.

Mpige picha kabla hujambandua, kwa sababu rangi itapotea kwenye dawa ya kuhifadhia. Andika pia kina na alikojishikiza. Kisha tazama: yuko peke yake, au ni kundi la wadogo wengi ndani ya joho moja, yaani ngozi ile ya nje?

Sasa usiharakishe. Asidia wangu wa kwanza nilimtumbukiza hai kwenye formalini. Alijikunja akawa donge gumu, na ndani sikuona kitu. Siku hizi namlaza kwanza: bakuli la maji ya bahari, chembe chache za mentoli juu, nafunika, nasubiri saa kadhaa. Nikimgusa kwa sindano ukingoni mwa tundu asijifunge, yuko tayari. Nakata kipande nakiweka kwenye spiriti ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA. Mwili unaobaki unaingia kwenye formalini, sehemu 1 kwa 9 za maji ya bahari, pamoja na boraksi kidogo. Vaa glavu, fanyia nje penye upepo.

Boraksi usiiache. Familia ya Didemnidae, ya hao wanaoishi kwa kundi, ina vijiwe vya chokaa mwilini, mara nyingi kama nyota ndogo ukiviona kwa hadubini, na formalini yenye asidi huviyeyusha. Navijaribu hivi: nakwangua kidogo juu ya kioo, nadondosha siki, povu likipanda ni chokaa.

Kwa anayeishi peke yake, hesabu ncha za ukingo wa matundu. Nane la kuingizia maji na sita la kutolea: mwelekeze kwa jenasi ya Ascidia au Ciona. Nne na nne: familia ya Styelidae au Pyuridae. Hapo ndipo picha haisaidii tena. Pasua joho ubavuni, mtoe, funua mfuko wa matamvua, ule anaochujia maji. Vipapasio vilivyo mlangoni vikiwa vyembamba visivyo na matawi, ni Styelidae, na mikunjo ya mfuko haizidi minne kila upande. Vikiwa na matawi kama mti, ni Pyuridae. Tangu mwanazuolojia Lahille, mwaka 1886, oda zenyewe, yaani makundi makubwa yanayobeba familia, hutenganishwa kwa mfuko huu: usio na mikunjo wala mishipa ya urefu, wenye mishipa tu, na wenye mikunjo.

Jina usililazimishe. Ciona intestinalis kwa miaka mingi lilibeba spishi mbili, hadi mwaka 2015 mmoja akatambuliwa kuwa Ciona robusta. Mimi huandika “Didemnum sp. 2”, yaani spishi ya pili ya jenasi hiyo nisiyoijua jina, tarehe na mahali, kwa penseli, kwenye karatasi ngumu, na naiweka ndani ya chupa. Wino wa kalamu spiriti huufuta.