Kompyuta Kukosa Sauti Baada ya Sasisho la Windows

Kompyuta ikikosa sauti baada ya kusasishwa, wengi huikimbiza kwa fundi wa Mwanjelwa jijini Mbeya au Miomboni mjini Iringa, naye akashauri Windows ifutwe na kuwekwa upya. Ushauri huo ni wa haraka mno, kwani mara nyingi spika ni nzima na kilichobadilika ni mipangilio tu au draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa cha sauti.

Anza kwa kuiwasha kompyuta upya, si kuizima tu, kwa sababu Windows 10 na 11 zinaweza kuhifadhi sehemu ya hali ya awali zinapozimwa kwa njia ya kawaida. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, na utazame orodha ya vifaa vya kutolea sauti. Kwa kompyuta iliyounganishwa na runinga au projekta kwa waya wa HDMI, kama zilivyo nyingi za makanisani na kumbi za mikutano, sauti huenda imeelekezwa kwenye skrini. Bofya jina la spika zako na uzifanye ndizo chaguo la msingi.

Bado kimya? Kwa njia ile ile andika services.msc, tafuta huduma iitwayo Windows Audio na uianzishe upya.

Draiva ndiyo inayosumbua zaidi. Andika devmgmt.msc, fungua sehemu ya vifaa vya sauti, bofya kifaa chako kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye sifa zake, kisha katika ukurasa wa draiva uchague kurudi kwenye toleo lililotangulia, hatua ambayo kwa kawaida haili bando. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, maana yake toleo la zamani halikuhifadhiwa. Hapo ondoa kifaa kwenye orodha hiyo na uwashe kompyuta upya, Windows itakitambua tena. Draiva mpya ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta pekee. Kwa mashine za mtumba ambazo kibandiko cha modeli kimefutika, amri ya msinfo32 itakuonyesha modeli.

Kuondoa sasisho lenyewe kuwe hatua ya mwisho, tena umeme ukiwa wa uhakika au betri imejaa, maana kukatika katikati ya kazi hiyo kunaweza kuivuruga Windows nzima. Ukishaliondoa, sitisha masasisho kwa wiki moja hivi, lisije likajirudisha usiku huo huo.