Kufunga mzigo wa baiskeli na wa mlima kwa safari moja, Uyole hadi Rungwe

Wengi wanaosimama kibandani kwangu hapa Uyole, Mbeya, wakielekea Tukuyu kwa baiskeli huwa wamefunga mizigo ya safari mbili. Kuna wa baiskeli, kuna wa kupanda mlima, na kila mmoja una nguo zake, viatu vyake na mifuko yake. Ndiyo maana keria zinalegea hata Isyonje hawajafika. Mimi ni fundi baiskeli, na kazi ikipungua hufunga kibanda nikaenda kupanda mlima Ngozi au Rungwe mwenyewe, kwa hiyo nauona mzigo huo ukiwa juu ya keria na ukiwa mgongoni pia.

Kabla ya kuandika orodha, jiulize: baiskeli ikibaki chini, nini kinapanda na mimi? Ukishajibu, mzigo unajigawa. Spana, tyubu, nguo za kubadili na chakula cha kesho vinabaki na baiskeli kwa mwenyeji. Maji, koti la mvua, sweta, tochi, chakula cha siku na dawa vinakaa kwenye begi moja dogo, ambalo ukifika unalifungua kwenye keria, unalivaa, unaondoka. Ukijikuta unamwaga vitu vyote uwanjani kwa watu kutafuta soksi, hukufunga vizuri.

Begi hilo lisikae mgongoni ukiwa unaendesha. Kutoka Igawilo barabara inapanda kweli kweli, na mwenye begi mgongoni anafika juu shati limelowa chapachapa, mabega yanauma, na upepo wa Isyonje unamsubiri. Lifunge kwenye keria. Vizito vyote viwe chini, pembeni mwa gurudumu la nyuma, pande zote mbili zikiwa na uzito sawa. Kama huna mifuko ya dukani ya pembeni, mpe fundi cherehani kipande cha turubai akushonee miwili iliyounganishwa kwa mkanda mpana, kama shogi la punda. Haigharimu sana, na inavumilia tope kuliko mingi ya mapambo niliyoiona.

Kufungia, tumia mpira wa tyubu mbovu uliokatwa kwa urefu. Unavutika, hautelezi, na ukikatika unafunga fundo unaendelea. Ila mwisho wake uchomeke ndani kabisa. Mpira unaoning'inia ukiingia kwenye spoku wakati unateremka kwenda Kiwira, gurudumu linakwama hapo hapo.

Mvua

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wageni wengi wanaposhindwa. Mtu anasoma kwamba kiangazi chetu ni Juni hadi Oktoba, anaacha koti la mvua nyumbani. Kwa Mbeya mjini anaweza kuponea. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na huko hata kiangazi asubuhi inaweza kuwa na jua na saa nane mchana ukungu umefunika migomba, manyunyu yanaanza. Msituni Rungwe si lazima inyeshe ndipo ulowe, majani peke yake yanatosha.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usije na furushi la rambo za zamani. Kinachofanya kazi vizuri ni ile nailoni nene ya ndani ya kiroba cha mbolea. Wakulima wa viazi wanayo. Ioshe kwa sabuni zaidi ya mara moja, ianike mpaka harufu iishe, kisha iingize ndani ya begi ndipo upange vitu. Mdomo wake usiufunge fundo. Ubane hewa itoke, uukunje mara tatu, uulaze chini ya kifuniko cha begi. Nguo za kulalia, simu na kitambulisho vikae humo. Chakula cha wazi usikiweke humo hata kama umeiosha vipi.

Koti la mvua la bodaboda, lile zito lenye suruali yake, ni zuri ukiwa umekaa kwenye pikipiki. Kwenye baiskeli utapikika ndani yake, na mlimani ni hivyo hivyo. Chukua jepesi linaloishia kiunoni, lenye kofia na zipu ya mbele unayoweza kuishusha unapopanda. Lile la mwamvuli, linalovaliwa kichwani na kuning'inia pande zote, acha. Upepo unalijaza, na upindo unatafuta cheni.

Baridi

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Rungwe kinakaribia mita 2,960, na uwanda wa Kitulo uko juu ya 2,600. Kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kwa nyuzi sita hivi, na hapo hujaweka upepo. Kitulo mwezi wa Juni na Julai umande wa asubuhi unaweza kuganda kwenye nyasi.

Lakini hapa kwetu baridi kali ya mwendesha baiskeli haiko kileleni, iko kwenye mteremko. Umepanda hadi Isyonje ukitoka jasho, halafu unaachia baiskeli kuelekea Kiwira. Hukanyagi, mwili hautoi joto, na shati bichi linakugandia kifuani. Kabla hujaanza kuteremka, simama. Vua shati bichi, vaa kavu, weka gazeti kifuani chini ya koti, vaa mzula na glovu. Kwa hiyo shati kavu na glovu zikae juu kabisa ya mzigo. Zikiwa chini utasema "aah, si mbali", na ukifika chini vidole havisikii breki.

Sweta nunua Mwanjelwa kwenye mitumba, tafuta la sufu. Pamba ikilowa inabaki imelowa na inakumaliza joto. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inatunza. Moja linatosha, la mlimani na la kulalia.

Viatu

Viatu vya baiskeli vinavyojifunga kwenye pedeli havifai kabisa kwa safari hii. Njia ya Ngozi, ukishafika sehemu ya mwisho, inasimama mbele yako, na udongo wake ni wa volkano, laini, ukilowa unateleza. Unataka raba zenye meno na soli ngumu kiasi, isiyokunjika katikati. Soli ngumu inasaidia kukanyaga pedeli, meno yanasaidia mlimani. Kamba zifunge, ncha uziingize ndani ya kiatu upande wa cheni. Ongeza jozi mbili za soksi na ndala za jioni, basi.

Vya fundi

Angalia kwanza saizi ya tairi lako. Ukiwa na inchi 26, au 28 za baiskeli kama Phoenix, tairi na tyubu utazipata sokoni bila shida. Ukiwa na 29, beba tyubu mbili zako mwenyewe. Ukiwa na valvu nyembamba za baiskeli za mashindano, beba na pampu yake, maana pampu ya kijijini haitaingia.

Kisha: viraka, solusheni, kipande cha msasa, vyuma viwili vya kutolea tairi, spana ya nati za magurudumu, funguo za L kama baiskeli yako inazo, kichupa kidogo cha mafuta ya cherehani kwa ajili ya cheni, na raba za breki jozi moja ya ziada. Hizo raba zitazame kabla hujatoka. Zina mifereji, na mfereji ukikaribia kufutika, badilisha leo, usingoje Tukuyu. Tope la mteremko likichanganyika na mvua linazisaga upesi, na rimu ikiwa imelowa breki inachelewa kushika. Gusa breki mara kwa mara mapema ili rimu ijifute.

Pancha ikikupata, usikimbilie kuweka tyubu mpya. Funga kitambaa kwenye kidole, kipitishe ndani ya tairi taratibu mzunguko mzima. Kitambaa kitanasa mahali mwiba au kiwaya kilipo. Nimeona watu wakitoboa tyubu ya pili palepale kwa mwiba ule ule. Kwenye kiraka, paka solusheni, subiri ikauke mpaka ukigusa kwa kidole hainati, ndipo ubandike na kubana. Watu wanabandika ikiwa mbichi halafu wanalaumu kiraka.

Mengine kwa haraka

Tochi iwe ya kichwani, inatumika msituni na wakati wa kuziba pancha. Kizibao cha rifleta ni lazima, kwa sababu barabara hii ni ya malori yanayokwenda mpaka wa Kasumulu, na kwenye ukungu dereva anakuona umeshakaribia. Taa nyekundu ya nyuma iwashe hata mchana. Panga uwe umefika kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Maji, lita mbili kwa kila anayepanda, na vidonge vya kutibu maji kama utachota mtoni. Chakula usikibebe kutoka mbali. Njiani kuna viazi, ndizi za kuchemsha na parachichi. Wewe beba karanga, mayai ya kuchemsha na pakiti chache za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Dawa: panadol, plasta, bandeji, na mafuta ya mgando ya kupaka mapajani kabla ya kukalia siti siku nzima.

Kitambulisho cha NIDA usikiache, maana kiingilio cha Mtanzania hifadhini si sawa na cha mgeni, na lazima uonyeshe wewe ni nani. Kama unaelekea Kitulo, waulize TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, mapema kuhusu baiskeli na malipo. Fedha iwe kwenye simu na nyingine mkononi, noti ndogo ndogo. Kufuli beba, lakini kufuli bora ni kaya. Ingia, salimia, ukiitikiwa eleza unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, omba kuacha baiskeli uani, na ukirudi toa chochote, useme "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa. Wakati huo huo wamejua uko mlimani, kwa hiyo ukichelewa kuna mtu wa kuuliza.

Hema na jiko viache kama unaishia Ngozi na Rungwe. Tukuyu gesti zipo.

Jioni ya kuamkia safari, funga kila kitu, simama nyuma ya baiskeli, inua gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja. Likigoma, fungua upunguze. Mara nyingi cha kwanza kutoka ni jinzi, halafu jinzi ya pili.